Gari Lilifeli Breki

Kuna sentensi moja ambayo kila msomaji wa magazeti ya Tanzania anaijua: gari lilifeli breki, likamshinda dereva, likapinduka. Inakuja asubuhi pamoja na idadi ya waliofariki na jina la hospitali walikopelekwa majeruhi. Ukiisoma harakaharaka unaona imemaliza kila kitu. Gari ndilo lililotenda, dereva kashindwa, mlima ulikuwepo tangu zamani. Hakuna wa kuulizwa.

Mimi ni mwandishi wa habari, nimekulia Shinyanga, na sentensi hiyo inanisumbua kwa sababu breki hazifeli hivihivi tu. Zinafeli kwa moto, kwa maji, kwa upepo ulioingia kwenye mafuta, kwa bomba lililotoboka, kwa kutokukazwa miezi sita. Kila namna ina chanzo chake, na nyingi zinatoa taarifa mapema kwa mtu anayejua kusikiliza. Ili kuelewa hilo nimetumia muda mwingi mwaka huu kwenye ua wa mzee mmoja wa mitaa ya Ngokolo, dereva mstaafu wa malori ya pamba, mwenye pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1954 ambayo bado inatembea. Usukani uko kulia, injini ina silinda 6 kwa mstari, na magurudumu yote manne yana breki za ngoma.

Usukumani ukisema ngoma, watu wanafikiria Bagika na Bagalu. Mafundi wetu wanasema dramu. Ni kitu kimoja: bakuli la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, ndivyo viatu vya breki, na juu ya kila kiatu kimegongewa lainingi. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukumwa kutoka masta silinda, yanafika kwenye silinda ndogo ya kila gurudumu, viatu vinatanuka na kuugusa ukuta wa ngoma kwa ndani. Ukiachia, springi zinavirudisha.

Uzuri wa mtambo huu ni kwamba unajisaidia wenyewe. Ngoma inapozunguka inakivuta kiatu cha mbele, inakibana zaidi kuliko mguu wako ulivyokibana. Ndiyo maana lori zito la zamani liliweza kusimamishwa na mtu mwembamba asiye na busta wala msaada wowote. Ubaya wake umejificha humohumo ndani. Msuguano wote unafanyika kwenye chombo kilichofunikwa, na joto halina pa kwenda haraka. Chuma kikipata moto kinatanuka, ngoma inakuwa pana, ukuta unavikimbia viatu. Dereva anakanyaga, pedali inashuka chini zaidi ya jana. Anakanyaga tena, inashuka tena. Lainingi nayo ikishapita joto lake inapoteza makali, inateleza. Hapo mguu umefika sakafuni na gari linaendelea na safari.

Hesabu yake ni ya shule ya sekondari. Lori la tani 10 likishuka mita 100 za wima kwa mwendo uleule, breki zinatakiwa kumeza joto linalotosha kuchemsha lita 29 za maji ya kawaida. Yaani ndoo moja na nusu ya maji, kutoka baridi hadi kutokota, ndani ya dakika chache, kwenye vyuma vilivyofungiwa nyuma ya rimu. Mlima wa mita 200 ni ndoo tatu.

Sasa, Shinyanga haina mlima wa namna hiyo. Nchi yetu ni tambarare, ni mbuga na vichuguu na mawe ya hapa na pale. Hapa mjini watu walizoea baiskeli kiasi kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa daladala, na baiskeli haipendi milima. Kwenye nchi kama hii gari linaweza kuishi na breki mbovu miaka kumi bila mtu kujua. Unabana kidogo kwenye makutano, unabana ng'ombe wakivuka, ngoma zinapoa, unaendelea. Breki zinaonekana nzima kwa sababu hazijaulizwa swali gumu.

Swali gumu liko Sekenke. Ukitoka Shinyanga kwenda Dodoma na Dar es Salaam unapita Tinde, Nzega, Igunga, unavuka bonde la Wembere, unafika Shelui, halafu ardhi inasimama mbele yako. Wapenda historia wanaijua Sekenke kwa dhahabu. Iligunduliwa huko mwaka 1909, na mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wamebanwa na vita waliitumia kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli Tabora. Madereva wanaijua kwa kitu kingine. Kwa mtu wa kwetu, Sekenke ni mlima wa kupanda wakati wa kwenda na wa kushuka wakati wa kurudi. Kwenda unajaribu injini. Kurudi, ukiwa umechoka, umepakia bidhaa za Dar na unanusa nyumbani, ndipo unajaribu breki.

Mzee wa Ngokolo ameshuka Sekenke mara ambazo hana hesabu yake, enzi za barabara ya vumbi na kona kali, kabla mlima haujachongwa na kuwekwa lami. "Mwanangu, pale juu tulikuwa tunasimama," aliniambia. "Tunagusa dramu kwa mkono. Kama inaunguza kabla hujaanza kushuka, unakaa. Unapika chai." Utingo alikuwa anashuka na gogo la kuzuia tairi, anatembea pembeni ya lori. Gia ilikuwa inachaguliwa juu, kabla ya mteremko: unashuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Injini ndiyo inayoshikilia uzito, breki inasaidia tu, kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, ili ngoma zipate kuvuta pumzi.

Hiyo elimu haikutoka kwenye kitabu. Ilitoka kwenye historia ya magari yenyewe, ambayo kwa nchi yetu ni fupi kuliko tunavyodhani.

Louis Renault alitengeneza breki ya ngoma yenye viatu vya ndani mwaka 1902. Lakini gari lililofika Afrika Mashariki kwa wingi mwanzoni lilikuwa Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908. Model T haikuwa na breki kwenye magurudumu ya mbele kabisa. Pedali yake ya breki ilikuwa inakaza mkanda ndani ya gia boksi, na mkono wa pembeni ulikuwa unabana ngoma ndogo za magurudumu ya nyuma. Mkanda ukiisha, madereva walikuwa wanakanyaga pedali ya kurudi nyuma ili kupunguza mwendo. Magari hayo mepesi ya Ford yalitumika na majeshi ya Waingereza na Makaburu katika ardhi hii wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, huku mzigo mkubwa wa vita ukibebwa vichwani na wapagazi ambao majina yao mengi hayajaandikwa popote.

Mwaka 1917 Malcolm Loughead, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya ndege ya Lockheed, alipata hataza ya breki za mafuta. Kabla ya hapo breki zilivutwa kwa vyuma na kamba za waya, na kila gurudumu lilibana kwa wakati wake. Mafuta yalisawazisha mambo, maana msukumo ndani ya bomba ni uleule kila mahali. Duesenberg walizitumia mwaka 1921, Chrysler mwaka 1924, Chevrolet mwaka 1936. Henry Ford hakutaka kusikia. Yeye aliamini chuma hadi mwaka 1939, ndipo Ford nazo zikawekwa breki za mafuta. Kwa hiyo kuna miaka ambayo mnunuzi wa Tanganyika akichagua kati ya Ford na Chevrolet, alikuwa pia anachagua kati ya kamba na mafuta.

Magari haya ya Kimarekani yalikujaje kwenye nchi inayoendesha kushoto? Njia kuu ilikuwa makoloni. Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza katika himaya ya Uingereza nje ya Uingereza yenyewe, na ilitengeneza magari yenye usukani wa kulia. General Motors nao walifungua kiwanda cha kuunganisha magari Port Elizabeth, Afrika Kusini, mwaka 1926. Ndiyo maana pikapu ya mzee, Mmarekani kwa jina, usukani wake uko kulia kama kawaida yetu.

Na kazi huku ilikuwepo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na kupita Shinyanga, lakini reli haichukui pamba shambani. Geita kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, akapata almasi Mwadui, na jina la Shinyanga likajulikana hadi London. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana kuwa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, na wakulima wakaanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Kila kimoja kati ya hivyo kilihitaji lori, na kwa miaka mingi lori lilikuwa na ngoma.

Pamba, anasema mzee, ni mzigo mwongo. Ni mwepesi kwa macho, unajaza hadi juu ya kichwa cha gari, halafu kwenye kona unaegemea upande mmoja. Masika nayo ina yake. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, maji ya tope yanaingia ndani ya ngoma na hayatoki upesi. Ukivuka kijito halafu ukabana, hakuna kitu. Dereva mzoefu alikuwa anavuka, kisha anaendesha mita mia moja au mbili mguu ukiwa umegusa breki kidogo, ili msuguano ukaushe lainingi, ndipo anakanyaga mafuta. Nimewaona vijana wa bodaboda zenye breki za ngoma wakifanya hivyohivyo baada ya mvua. Hakuna aliyewafundisha darasani.

Wakati huo dunia ilikuwa imeshaanza kuhama. Mwaka 1953 Jaguar walishinda mbio za Le Mans kwa gari lenye breki za diski. Diski iko wazi, inapigwa na upepo, inatema maji, na ikipata joto inanenepa kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia. Afrika Mashariki iliona tofauti hiyo nyumbani kwake. Katika Safari Rally ya mwaka 1964, iliyolowa mvua, Wamarekani walileta kikosi cha Mercury Comet, gari kubwa la V8 ambalo kiwandani lilikuwa linatoka na ngoma magurudumu yote manne. Comet mbili tu ndizo zilizomaliza, nafasi ya 18 na ya 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza lenye diski mbele. Sisemi breki ndizo zilizoamua. Tope na uzito vilikuwa na neno lao. Ila gari zito lenye ngoma lina deni kila linapoteremka.

Basi turudi kwenye ua wa Ngokolo, maana mjadala wa mwaka huu ulikuwa hapo. Mjukuu wa mzee anaoa Singida. Anataka pikapu ya babu iwe gari la harusi, iende na irudi. Babu hakukataa. Alisema tu, "Kwa hapa mjini breki hizi zinatosha. Kwa Sekenke hazitoshi." Kwa miaka 30 ameishi nazo kwa nidhamu. Kila mwezi anapiga jeki, anakaza viatu gurudumu moja moja mpaka tairi likwaruze, kisha analegeza kidogo. Gurudumu moja likikazwa kuliko mwenzake, gari linavuta upande. Anajua sauti ya kila ngoma. Lakini mjukuu hana miaka 30 hiyo miguuni, na yeye ndiye atakayeshika usukani.

Vijana wengi wangeanzia kwenye diski, kwa sababu diski inaonekana. Fundi aliyeitwa, mtu wa makamo aliyejifunza kazi Kahama, alianzia pasipoonekana. Alifungua kifuniko kwenye sakafu, akaonyesha masta silinda iliyo chini ya miguu ya dereva. "Shikamoo mzee, naomba nikuoneshe," alisema, akaelekeza tochi. Chumba ni kimoja. Mafuta ya magurudumu manne yanatoka kwenye chumba hicho kimoja. Bomba moja likitoboka kwenye jiwe, au mpira mmoja wa silinda ukipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mkupuo. Marekani yenyewe ilikuja kulazimisha kwa sheria mfumo wa vyumba viwili, mbele na nyuma mbalimbali, kwa magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1968. Pikapu ya 1954 haijui habari hizo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa masta silinda ya vyumba viwili. Ya pili, mabomba mapya, maana ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu kwa ndani. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewani, na maji yale yakichemka mlimani yanakuwa mvuke, na mvuke haubani kitu. Ya tatu ndiyo diski za mbele. Hapo nilijifunza jambo lililonifurahisha: gurudumu la Chevrolet ile linafungwa kwa bolti 6 kwenye duara la inchi 5.5, ambazo ni milimita 139.7, sawasawa na Toyota Hilux ya four-wheel. Chuma cha Michigan na chuma cha Japani vinaongea lugha moja, na spea za Hilux zipo kila kona ya Kanda ya Ziwa. Kilichobaki ni fundi wa mashine ya kukereza kupanua tundu la katikati la diski na kuchonga bamba la kushikia kalipa.

Ya nne watu wengi wanaisahau. Diski haijisaidii kama ngoma. Inahitaji mguu mzito zaidi, kwa hiyo ikawekwa busta. Na kwa kuwa nyuma kumebaki ngoma, msukumo wa nyuma ulipunguzwa kwa valvu, la sivyo ukibana ghafla magurudumu ya nyuma yanagoma kwanza na gari linageuka. Ukibadilisha sehemu moja ya breki, udhaifu unahamia sehemu nyingine. Fundi mzuri anaufuata mpaka aone umeishia wapi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nililitolea sauti. Walipofungua ngoma za nyuma, kijana msaidizi alitaka kupuliza vumbi la lainingi kwa mdomo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaleta saratani ya mapafu miaka mingi baada ya kulivuta. Lainingi za gari la zamani huwezi kujua zimetoka wapi. Tuliomba kitambaa na maji. Mzee alinyamaza, kisha akataja wenzake wawili wa karakana ya zamani waliokufa kwa kifua. Hakusema zaidi, na mimi siwezi kusema ni nini kiliwaua. Ila mafundi wetu bado wanapuliza.

Kuhusu malori ya leo, yale yanayopita Tinde usiku na mchana, mengi bado yana ngoma, ila yanabanwa kwa upepo. Msomaji anapaswa kujua hili: kwenye mfumo wa kisasa wa upepo, magurudumu ya nyuma yana springi kali inayozuiliwa na upepo wenyewe. Upepo ukiisha, springi inabana na lori linasimama. Kwa hiyo lori la namna hiyo likiporomoka mlimani, mara nyingi breki zilikuwa zimeshapata moto kupita kiasi, au hazikukazwa, au mtu amezifunga springi ili lori lisimkwamishe njiani. Kila moja ya hizo ni tendo la mtu, au la tajiri aliyesema "nenda tu, utatengeneza ukirudi."

Ndiyo maana naona ile sentensi ya magazeti inahitaji maswali matatu nyuma yake. Dereva alikuwa gia namba ngapi? Breki zilikazwa lini mara ya mwisho? Nani aliambiwa kwamba pedali inashuka, na akajibu nini? Majibu ya maswali hayo yanapatikana kwa utingo, kwa fundi, kwenye daftari la karakana. Hayahitaji mtaalamu kutoka nje.

Harusi ilifanyika mwezi wa saba. Wakati wa kurudi, mjukuu alisimama juu ya Sekenke, babu akashuka polepole, akaweka kiganja karibu na gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Diski zilikuwa baridi. Akapanda, akafunga mlango. "Weka gia ya pili," akasema.